Basi linarudi kesho: siku moja ya kuijua Johannesburg

Tangu nirudi Lubumbashi, miaka sita sasa, maswali juu ya Afrika Kusini yananifuata sokoni, kanisani, hata matangani. Niliishi Yeoville, Johannesburg, miaka tisa. Minne ya kwanza nilisuka nywele. Mitano iliyobaki nilikuwa mkalimani wa wageni wanaosema Kifaransa. Nilikaa kiti cha mbele kando ya kiongozi mzaliwa wa Soweto, yeye akieleza kwa Kiingereza, mimi nikigeuza. Barua tano za mwezi huu zote zinagusa kazi ile, na nimezisoma kwa furaha kubwa.

*Yaya, jambo. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo na viatu. Nimeenda Johannesburg mara nane kwa basi, na kila mara ni yale yale: Park Station, chumba cha kulala, maduka ya jumla, kufunga mizigo, kurudi. Safari ijayo nitakuwa na siku moja tupu kabla basi halijaondoka. Binti yangu ananiambia nilipe ziara ya siku moja na kiongozi. Mimi naona ni kutupa makuta. Unasemaje?*
*Mama Mapacha, Katuba*

Mama Mapacha, jambo sana. Lipa, mama. Makuta hayo hayapotei.

Nakuelewa kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo. Miaka minne nilijua njia mbili tu: ya kutoka chumbani kwenda saluni, na ya kutoka saluni kwenda soko la Rockey Street, kule tulikonunua sombe, fumbwa na makayabu kwa wenzetu. Gereza la zamani la Johannesburg lilikuwa kilomita chache kutoka kitandani pangu. Kila Jumamosi taksi ilinipitisha kando ya ukuta wake na sikuwahi kuuliza ni ukuta wa nini. Siku nilipoingizwa mle mara ya kwanza, ili nijifunze kazi ya ukalimani, nilitoka nikakaa kwenye ngazi na sikuweza kusema neno. Niliona aibu kwa miaka ile minne.

Kwa hiyo wewe anzia hapo. Panaitwa Constitution Hill, yaani kilima cha Katiba, kati ya Braamfontein na Hillbrow. Gereza lilianza kujengwa 1892, kisha serikali ya Paul Kruger, rais wa Makaburu, ikalizungushia ngome, na lilikuja kufungwa 1983. Wafungwa wazungu waliwekwa ndani ya ngome. Weusi walikuwa na jengo lao, lililoitwa Namba Nne. Gandhi alifungwa kilimani hapo, na Mandela pia, lakini siku hiyo usitafute majina makubwa tu. Mwambie kiongozi akuonyeshe ua wa Namba Nne na akueleze tausa. Mfungwa alivuliwa nguo zote mbele ya wenzake, akalazimishwa kuruka, kujigeuza hewani, kupiga makofi, kufungua kinywa na kuinama, ili askari ahakikishe hajaficha kitu mwilini. Baba mzima alifanya hivyo mbele ya vijana wa umri wa wanawe. Sentensi hiyo nimeigeuza kwa Kifaransa labda mara mia tatu, na kila mara sauti yangu ilishuka.

Halafu hatua chache kutoka hapo utaona mablanketi. Wafungwa walikuwa na blanketi tu, basi wakashindana kuyakunja na kuyafinyanga yawe sanamu: kitanda kilichotandikwa vizuri, kifaru cha vita. Sogea karibu uangalie mikunjo. Wewe unajua kitambaa, mama, utaona mikono iliyoyakunja ilikuwa na subira kiasi gani.

Gereza la wanawake liko pembeni, jengo zuri la matofali ambalo ukiliona kwa nje utadhani ni shule ya masista. Wengi waliofungwa humo hawakuiba wala kuua. Walikamatwa kwa kukosa pasi, kile kitabu kilichomruhusu mtu mweusi kuwa mjini, au kwa kupika pombe ya kuuza ili watoto wale. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikwenda Pretoria, kwenye majengo ya serikali, kuzikataa pasi hizo. Walipoendelea kukataa, mwaka 1958 mamia walikamatwa Johannesburg na kuletwa kwenye gereza hili. Albertina Sisulu alikuwemo. Winnie Mandela alikuwemo, akiwa mjamzito. Mfanyabiashara aliyewahi kusimama mpakani Kasumbalesa saa tano na karatasi zake mkononi, akisubiri mtu mmoja aamue, hatahitaji mkalimani ndani ya jengo lile.

Pembeni kabisa ya magereza hayo ndipo walipojenga Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa 2004. Walibomoa sehemu ya mahabusu na matofali yake wakayatumia kujengea mahakama. Ngazi nne za mahabusu wameziacha zimesimama. Mlango mkubwa wa mbao umechongwa haki 27 za Katiba yao. Ingia mpaka ndani, watu wanaruhusiwa. Nyuma ya viti vya majaji 11 kuna dirisha refu jembamba, na kwa kuwa nje ardhi iko juu zaidi, unaona miguu ya wapita njia: raba, viatu vya shule, kandambili, juu ya usawa wa vichwa vya majaji. Walijenga hivyo kwa makusudi, jaji akumbuke kwamba hayuko juu ya mtu yeyote anayepita pale nje. Mimi nilikuwa nawaacha wageni wangu wasimame dakika nzima bila kusema kitu, waangalie miguu tu.

Mchana mwende Soweto. Jina hilo limeundwa 1963 kwa kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Watakupeleka Vilakazi Street, Orlando West, mtaa walikoishi Mandela na Askofu Desmond Tutu, wote wawili washindi wa Tuzo ya Nobel. Nyumba ya Tutu hairuhusiwi kuingia. Ya Mandela, namba 8115, unaingia, na ni nyumba ndogo sana. Unaweza kuilinganisha na nyumba za kambi hapa kwetu bila kosa. Aliihamia 1946, na alipotoka gerezani 1990 alirudi kulala humo siku 11 tu. Kwenye kuta kuna alama za risasi. Mtaa wenyewe siku hizi una mikahawa ya watalii mwanzo hadi mwisho, na bei zake ni za watalii. Chakula mwombe kiongozi akupeleke mtaa wa nyuma, ule kota: robo ya mkate iliyochimbwa katikati na kujazwa vibanzi, soseji na achari. Au ule papu na utumbo. Papu ni bukari yetu kabisa, mama, ya mahindi meupe. Watakushangaa ukiimega kwa mkono bila kufundishwa.

Kampuni nyingi zitakutajia siku yenye mambo matatu: gereza, Soweto na Jumba la Makumbusho la Apartheid. Kataa la tatu. Jumba hilo peke yake linakula saa tatu, na ukilipitia kwa dakika arobaini utatoka na uchovu tu. Liwekee safari yako ya kumi.

*Yaya, dada yangu amenialika Johannesburg. Nataka kuujua mji lakini naogopa. Tunasikia wageni wanapigwa, wanaibiwa. Kutembea kwa miguu na kiongozi si hatari? Na nitamjuaje kiongozi wa kweli?*
*Mwenye hofu, Kampemba*

Mdogo wangu, hofu yako ina sababu, sitaifuta kwa maneno matamu. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika fujo dhidi ya wageni, zilizoanzia kitongoji cha Alexandra. 2015 na 2019 fujo zilirudi, na mimi nilikuwepo. Mwaka 2015 tulifunga saluni siku nne. Nataka ujue na jambo hili pia: siku ya pili, jirani yetu Mzulu, mama mtu mzima, alileta kiti chake cha plastiki akakiweka mlangoni petu, akakaa hapo akimenya maharage mpaka usiku. Hakusema chochote. Kila aliyepita alimsalimu yeye kwanza.

Kwa hiyo nenda, lakini usizunguke peke yako katikati ya mji wiki ya kwanza, hasa karibu na vituo vya mabasi. Simu ikae ndani ya nguo. Pasipoti iache kwa dada yako, tembea na nakala. Ukisimama njiani kuangalia ramani kwenye simu, umeshajitangaza. Ukiwa na kiongozi mwenyeji mambo hubadilika, kwa sababu anajulikana: muuza mahindi anamwita kwa jina, dereva wa taksi anampigia honi. Nilijifunza kwa kiongozi wangu kwamba taksi husimamishwa kwa ishara za vidole. Kidole cha shahada juu, unakwenda mjini. Kila upande una ishara yake. Mgeni asiyejua ishara hizo anaonekana toka mbali.

Juu ya kiongozi wa kweli: Afrika Kusini sheria inamtaka kila kiongozi wa watalii aandikishwe. Anapewa kadi yenye picha na beji, na anatakiwa kuwa navyo kazini. Mwombe uvione kabla hujatoa pesa. Hatakasirika, aliye halali huvitoa haraka. Mimi nililipa kwa kutojua. Shangazi yangu alikuja kunitembelea, nikataka kumfurahisha, nikampa kijana mmoja aliyejileta kwetu kituo cha basi pesa ya ziara nzima, kwa sababu alivaa shati la kampuni na kuzungumza Kifaransa kizuri. Alisema anakwenda kuleta gari. Tulisimama na shangazi yangu, na gauni lake la kitenge cha Jumapili, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Shangazi alirudi Lubumbashi bila kuona chochote isipokuwa kituo kile, na amefariki. Bado inaniuma. Omba kadi, mdogo wangu.

Ukishamzoea kiongozi, chagua ziara ya miguu na uache ya gari. Kuna kikundi cha vijana chenye makao chini ya jengo la Ponte kinachotembeza wageni Hillbrow, Berea na Yeoville. Ponte utaiona toka mbali, mnara wa mviringo wa ghorofa 54 uliomalizika 1975, katikati ni wazi kama bomba. Uliwahi kusifika kwa ubaya, takataka zikijaa ndani ya uwazi ule ghorofa kadhaa kwenda juu. Zilisafishwa, na leo ni familia zinaishi humo, wengi wao wageni kama sisi. Ukisimama chini ya bomba lile na kuinua macho, utasikia redio, watoto, sufuria, na usishangae ukisikia na Kiswahili cha kwetu.

*Yaya, nitakwenda mwezi wa saba. Nivae nini?*
*Mama Sandra, Ruashi*

Koti zito, mama. Johannesburg iko juu, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, wakati sisi tuko kama 1,200. Baridi yetu ya mwezi wa saba unayoijua, izidishe. Asubuhi utakuta majani yameganda meupe. Mchana jua kali na mbingu safi, koti unalibeba mkononi. Viatu vya kufunika. Mvua haitakuwepo, majira yao ya mvua ni kama yetu.

*Yaya, nasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Baba na babu yangu walifanya kazi ya mgodi. Nikifika Johannesburg nataka kuona migodi ya dhahabu, siyo maduka. Inawezekana kwa siku moja? Na ina uhusiano gani na sisi?*
*Mtoto wa mgodi, Kamalondo*

Barua yako nimeisoma mara mbili, mdogo wangu. Hilo ndilo swali ambalo wageni wa Ulaya hawakuwahi kuniuliza, na mimi nililingoja, kwa sababu mtu wa Lubumbashi anasoma mji ule kwa macho ambayo mtalii mwingine hana.

Mji wetu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, mwaka ule ule reli ilipofika hapa ikitokea kusini. Johannesburg ilizaliwa 1886, dhahabu ilipopatikana kwenye shamba la Langlaagte. Kabla ya hapo palikuwa nyasi: hakuna mto mkubwa, hakuna bandari. Ukitoka mjini kwenda Soweto, tazama upande wa kusini wa barabara. Utaona vilima vya mchanga wa njano iliyopauka, vimekatwa juu kama meza. Hivyo ndivyo vifusi vya dhahabu, jiwe lililosagwa likachujwa kwa sianidi na kumwagwa. Vingine vimeshaondolewa kabisa, kwa kuwa vinachujwa tena kutafuta dhahabu iliyobaki, kama kilima chetu cheusi chini ya bomba la moshi kinavyosafishwa kutafuta kobalti. Miezi ya nane na tisa upepo ukivuma, vumbi lile la njano linaingia majumbani. Mama mmoja wa Soweto alinionyesha jinsi anavyofunika sahani kabatini kwa kitambaa chenye maji. Nilimwambia mama yangu alifanya hivyo hivyo.

Ndani ya mgodi unaweza kuingia. Gold Reef City, ule uwanja wa michezo ya watoto, umejengwa juu ya shimo la zamani la Crown Mines, na wana ziara ya kushuka chini na kofia na taa. Ni ya watalii, lakini giza ni giza la kweli, na wanapowasha mashine ya kutobolea mwamba kwa sekunde chache utafahamu kwa nini wazee wetu wengi hawasikii vizuri. Migodi inayofanya kazi leo iko nje ya mji. Mponeng, upande wa Carletonville, inashuka karibu kilomita 4 chini ya ardhi, na huko watalii hawaendi.

Lakini kama una saa mbili tu, usiende Gold Reef City. Nenda Newtown, kwenye Makumbusho ya Wafanyakazi. Wageni wachache wanafika, kiongozi wako huenda akataka kupitiliza, mwambie asimame. Ni kambi halisi ya wafanyakazi wa manispaa, wanaume waliotoka vijijini kuja kujenga barabara na kuendesha umeme wa mji. Utaona mabweni yenye vitanda vya saruji, vimepangwa juu na chini. Saruji tupu, mdogo wangu. Weka kiganja chako juu yake mwezi wa saba uone. Mtu alilala hapo miezi mingi kisha akarudishwa kwao, na mwingine akalala mahali pale pale.

Hapo ndipo uhusiano ulipo, na pia tofauti. Makampuni ya dhahabu yalichukua wanaume peke yao: kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi, kutoka vijiji vya Afrika Kusini yenyewe. Mke na watoto walikatazwa, mwanamume alikaa kambini kwa mkataba kisha akaondoka. Hapa kwetu Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya shaba, nayo ilianza kwa kuchukua wanaume kwa mikataba mifupi, ikiwatafuta Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, mpaka Rwanda. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikageuza: mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba, shule na zahanati, watoto wake wakulie kambini wawe wafanyakazi wa kesho. Babu yako huenda alikulia kwenye nyumba ya namna hiyo. Ulikuwa ni utawala wa mtu mpaka jikoni kwake, sisemi ulikuwa wema, na risasi za Desemba 1941 dhidi ya wagomaji wa Union Minière zinatosha kuonyesha hivyo. Hata hivyo watu walikaa pamoja, na mji wetu ukawa mji wa familia. Kule, mjukuu wa mchimbaji anaweza kukuambia kwamba bibi yake alimwona babu mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Niliyasikia haya kwa kiongozi niliyefanya naye kazi. Babu yake alitoka Lesotho, na ndani ya bweni lile la Newtown hakuwahi kukaa kwenye kitanda, hata tulipongoja wageni nusu saa. Alisimama.

Mulizeni kiongozi pia juu ya mapafu. Vumbi la mwamba wa dhahabu linaleta silikosisi, na wachimbaji wengi walirudi vijijini kufa kwa kikohozi bila fidia. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha mapatano ya randi bilioni 5 kati ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji waliougua. Ni kesi ambayo mwanafunzi wa Lubumbashi angefaa kuisoma yote. Ukiiandikia kazi ya chuo, naomba nakala.

Ukikutana na vijana wanaocheza ngoma ya mabuti, wakipiga viganja kwenye mabuti ya mpira na kukanyaga kwa pamoja, simama. Ilitoka migodini. Waangalie miguu, kisha uwape chochote.

*Yaya, mimi ni mstaafu. Mjukuu wangu wa miaka 12 atakwenda kwa shangazi yake Johannesburg wakati wa likizo. Nataka aone historia, asirudi na michezo ya simu tu. Lakini yale mambo ya ubaguzi si mazito kwa mtoto? Na aende Pretoria?*
*Baba Mkubwa, Kenya ya hapa Lubumbashi*

Baba, shikamoo. Pretoria ni nzuri na iko karibu, kama kilomita 55. Majengo ya serikali juu ya kilima, bustani zake, sanamu ya Mandela ya mita 9 iliyonyoosha mikono. Mtoto atapiga picha na kufurahi. Upande mwingine, Maropeng, atajifunza juu ya mifupa ya binadamu wa kale iliyochimbwa kwenye mapango ya huko. Vyote vifae siku ya pili.

Siku ya kwanza nampeleka Soweto, kwenye Makumbusho ya Hector Pieterson, Orlando West. Unauliza kama ni mazito. Ni mazito. Lakini yanamhusu mtoto wa umri wake kabisa, na kwa hiyo ataelewa kuliko sisi. Serikali ya wazungu iliamuru kwamba hesabu na masomo mengine yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo watoto wengi, na hata walimu wao, hawakuimudu. Asubuhi ya tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi walitoka shuleni na kuandamana, wamevaa sare, wengine wakiimba. Polisi wakafyatua risasi. Hector alikuwa na miaka 12. Mpiga picha Sam Nzima alimpiga picha akiwa amebebwa mikononi na kijana aitwaye Mbuyisa Makhubu, dada yake Antoinette akikimbia kando, kiganja amekinyanyua hewani. Picha hiyo iko pale, kubwa. Mbuyisa alilazimika kukimbia nchi, na mama yake hakumwona tena.

Mwanangu alikuwa na miaka 11 nilipompeleka. Hakuuliza juu ya polisi. Aliuliza, "Mama, viatu vyake viko wapi?" akimaanisha Hector, ambaye pichani mguu mmoja hauna kiatu. Sikuwa na jibu, na kiongozi naye hakuwa nalo. Tulisimama watatu mbele ya picha tukiangalia mguu ule.

Jumba la Apartheid, kwa maoni yangu, lisubiri awe na miaka 15. Pale mlangoni tiketi yenyewe inakuamulia upite mlango wa weupe au wa wasio weupe, bila kujali rangi yako, na hilo mtoto angelimudu. Lakini kuna chumba chenye vitanzi 131 vinavyoning'inia darini, kimoja kwa kila mpinzani wa serikali aliyenyongwa. Nimeona watu wazima wakirudi nyuma mlangoni.

Kwa Hector Pieterson mwambie shangazi asimharakishe. Ndani kuna ua mdogo usio na paa, na juu ya changarawe kuna vitofali vya mawe vyenye majina ya watoto waliokufa. Mjukuu wako ayasome kwa sauti, yote anayoweza. Kisha watoke nje wakae kwenye mizeituni iliyopandwa kwa mstari kuelekea mahali Hector alipopigwa, wale mkate wao hapo. Na kabla hajaondoka Lubumbashi, Baba, mnunulie daftari. Akirudi na jambo aliloliandika mwenyewe, nami akiniruhusu, nitalichapa kwenye ukurasa huu.